Chumba cha Mama kwenye Baraza la Zamani

Mtu akitaka kukufunga bila kamba, atakupa cheo. Hilo nililijua siku wananchi wa mtaa wetu, pale Kibondo, waliponichagua kuwa katibu wa kamati ya kukarabati baraza la zamani na njia ya kilimani. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya mkutano, karibu na mlango, mahali anapokaa mtu mwenye nia ya kuondoka mapema. Mwenyekiti wa mtaa akasema katibu anatakiwa awe mtu anayejua kuandika na anayelipenda jengo lile. Vichwa vyote vikageuka nyuma. Mikono ikanyooshwa kabla sijamaliza kusema kwamba nina vipindi vingi shuleni.

Ni kweli walinichagua kwa sababu mimi ni mwalimu. Lakini ilikuwapo sababu nyingine, ambayo kila mmoja aliijua na hakuna aliyeitamka. Mama yangu alikuwa anaishi ndani ya jengo lenyewe, na hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kumwambia ahame.

Niseme lilivyokuwa. Baraza lile lilijengwa enzi za Mwingereza ili mtwale, yaani mkubwa wa eneo aliyekuwa chini ya mwami, mfalme wa Waha, asikilize humo kesi za watu wake. Liko juu ya kilima nyuma ya mji. Lina kuta nene za matofali ya udongo, veranda pana mbele ambapo watu walikaa kusubiri kuitwa, na ubavuni chumba kimoja chenye mlango mzito wa mninga. Chumba hicho kilikuwa mahabusu. Mahakama ilipohamia chini mjini, baba yangu, ambaye alikuwa mlinzi na mfagizi wa baraza, aliambiwa abaki kulinda mpaka atakapopewa maelekezo mengine. Maelekezo hayakuja. Baba na mama walikuwa wamevuka kutoka Burundi wakikimbia vita, hawakuwa na ukoo huku wa kuwakatia kiwanja, kwa hiyo walipoambiwa wanaweza kulala kwenye kile chumba cha ubavuni, walilala. Mimi na kaka yangu tulizaliwa humo. Shuleni watoto walinitania kwamba nimezaliwa gerezani. Mimi nilikuwa nawapiga, kwa hiyo utani huo haukudumu.

Chumba cha mahabusu hakina dirisha. Baba alitoboa ukuta upande wa mashariki, akatia fremu ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe, na tangu hapo jua la asubuhi likawa linafika mpaka kitandani. Mama alipika humo ndani miaka yote, hata dari ikawa nyeusi inayong'aa. Nje alipanda migomba na mchaichai. Baba alipofariki, mama alibaki. Kaka alirudi Burundi wakati wengi waliporudi. Mimi niliolewa hapa hapa mjini, na uraia tukawa tumeshaupata, mimi na mama. Nikimwuliza mama kwao ni wapi, alikuwa anaonyesha mlango kwa kidevu.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri, sitaki kuudhulumu. Wataalamu kutoka Dar es Salaam walitaka baraza lirudishwe lilivyokuwa, na njia ya miguu inayopanda kilima katikati ya miti mpaka kwenye chemchemi ifunguliwe tena, ili wanafunzi na wageni wapate mahali pa kutembea na kujifunza mambo ya zamani. Walisema hakuna mkandarasi atakayeletwa. Kazi yote itafanywa na sisi wenyewe kwa msaragambo, kila mtaa na siku yake. Neno "ushirikishwaji" lilitajwa mara nyingi sana siku hiyo, mpaka bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akauliza kama huyo mshirikishwaji ameshafika au bado yuko njiani. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiria kilimani.

Jioni ile nilipanda kwa mama kumpa habari. Alikuwa anachambua maharage.

"Wamekuchagua?" akauliza.

"Wamenichagua, mama."

"Ni vizuri. Baba yako angefurahi." Akatupa kijiwe nje. "Na mimi wamenichagua niwe nani?"

Ukubwa ni jaa, na takataka ya kwanza nilitupiwa na mama yangu mzazi.

Tulianza na njia, na hapo tulifanya kosa ambalo nadhani watu wa huku Buha tu ndio wangelifanya kwa moyo mweupe kiasi kile. Kwetu mahali pa heshima ni mahali palipofagiliwa. Uwanja wa nyumba usio na jani hata moja ndio uwanja wa mtu mwenye adabu. Majani ni nyoka, na ni uvivu. Basi watu walipoambiwa kwamba wageni watapita kwenye njia ile, waliipa heshima yake. Waling'oa majani na mizizi yake, wakatoa mawe yote, wakaparura kwa majembe, na akina mama wakapita nyuma na fagio za vijiti. Kilima kikawa na mstari mwekundu, safi, kutoka barabarani mpaka juu. Mtaalamu wetu, kijana mpole mwenye kofia pana, alikuwa ameenda Kasulu kutafuta chokaa. Aliporudi na kuona kazi yetu alivua kofia akakaa chini. Watu walidhani amefurahi mno, wakampigia vigelegele.

Mvua ya kwanza ikatuonyesha. Maji yalishuka kwenye njia yetu iliyofagiliwa bila kizuizi chochote, na baada ya wiki chache pale katikati ya kilima palikuwa na korongo ambalo mbuzi angeweza kujificha ndani yake. Ikabidi kazi ya jengo isimame. Watu wote wakarudishwa kwenye njia kubeba mawe yale yale tuliyokuwa tumeyatoa, kupanga ngazi, kuchimba mitaro ya kutolea maji pembeni, na kupanda majani tuliyoyang'oa. Wazee walikuwa wanapanda majani huku wakiguna, maana tangu wazaliwe hawakuwahi kupanda majani njiani.

Mimi nililishukuru lile korongo. Kila lilipozidi kuchimbika, mama alizidi kupata siku za kulala chini ya dari yake nyeusi. Nasema wazi kwamba nilikuwa naomba mvua. Halafu nikifika kwenye kikao nasimama, katibu wa watu, nahimiza wananchi wajitokeze kwa wingi ili kazi isichelewe. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe na kuichukia.

Korongo likazibwa, masika yakaisha, kazi ikahamia kwenye baraza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa mama walikuja na vikwangulio. Walibandua saruji ambayo watu wa serikali waliwahi kupaka kwenye kuta, kwa sababu mtaalamu alisema saruji inazuia ukuta wa udongo kupumua na unaoza kwa ndani. Wakakanda udongo wa kichuguu, wakaloweka chokaa kwenye mapipa. Walianza upande wa mbali na chumba cha mama. Walipiga lipu ukumbi wa kesi, wakapiga veranda, wakapiga ukuta wa nyuma, na kila asubuhi mama aliwapikia uji wa ulezi, akawa anawauliza watoto wao wanaendeleaje. Wao walikuwa wanakunywa uji wakiangalia chini. Walilizunguka jengo zima mpaka hapakubaki ukuta mwingine ila wa chumba chake.

Mtaalamu akasimama mbele ya mlango wa mninga na kuuliza kama mtu asiye na habari, na kweli hakuwa nayo.

"Hapa anakaa nani?"

Kamati nzima ikaniangalia mimi.

"Anakaa mama yangu," nikasema.

Alishtuka, akaomba radhi, kisha akaeleza kwa upole kwamba chumba hicho ndicho muhimu kuliko vyote. Jengo bila mahabusu yake ni ukumbi tu. Kinatakiwa kirudi kilivyokuwa: masizi yakwanguliwe, kuta zipakwe chokaa, na dirisha lizibwe, kwa sababu halikuwepo.

Kwenye kikao cha kamati nilisimama. Sikusimama kama katibu. Niliuliza mama atakwenda wapi. Niliuliza pia kwa nini dirisha la baba lizibwe, wakati baba naye ni mtu wa zamani na alilitoboa kwa mikono yake. Je, historia iliishia kwa mtwale peke yake? Mtaalamu alisema ni swali zuri sana. Nimefundisha vya kutosha kujua kwamba mtu akikwambia swali lako ni zuri, hana jibu na hatalitafuta. Mwenyekiti akasema, "Suala la mama tutaliangalia." Likaangaliwa namna hiyo hiyo, na watu wakahamia kwenye suala la mapipa.

Tulipotoka, jirani yangu mmoja, mwanamke tuliyesoma naye, alinishika mkono. Yeye ni Muha wa hapa hapa, kwao ni Kumsenga. Alinipenda, ndiyo maana alisema.

"Mwalimu, usilisukume sana. Unajua watakavyosema."

"Watasemaje?"

"Watasema Warundi mmepewa uraia, sasa mnataka na majengo ya serikali. Mimi sisemi hivyo. Ila watu wana midomo."

Nilijua anasema kweli. Ningekuwa na ukoo hapa, ningepiga kelele mpaka wilayani, na watu wangesema yule mama ana mtoto mkali. Lakini mtoto wa mkimbizi hapigi kelele. Anashukuru. Nimeshukuru tangu nilipojua kusema, na siku ile nilichoka kushukuru.

Nilimpigia kaka simu. Alisema mama aletwe Burundi, kuna chumba. Nikampelekea mama maneno hayo.

"Oya, siendi," mama akasema. "Nilitoka kule nikiwa na mimba yake. Walionijua wamekufa. Nitakwenda kukaa katikati ya watu wa kuniuliza mimi ni nani?"

"Basi uje kwangu, mama."

Akanikazia macho kana kwamba nimevua nguo sokoni. "Kwako ni kwa nani?"

Kwangu ni kwa mume wangu, na mume wangu ni mkwewe. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Wakikutana njiani mmoja anapisha, chakula hawali pamoja, na mama mwenye kujiheshimu hamzoei mwanamume aliyemwoa binti yake. Kwa hiyo hapa hapakuwa pake, kule hapakuwa pake, kwangu haiwezekani, na kwenye kile chumba wanamtaka atoke. Nilikuwa nashuka ile njia yetu mpya, ngazi zake nzuri za mawe, na nilikuwa natukana kwa sauti.

Jumapili moja, baada ya misa, mwenyekiti alinijia nyumbani amevaa koti. Akasema kamati inakwenda kumsalimia mama na katibu lazima awepo. Nyuma yake walikuwepo wazee wawili na yule jirani yangu, na kichwani kwa jirani yangu kulikuwa na mtungi wa pombe ya ndizi.

Nilipouona ule mtungi nilijua wanakwenda kuomba nini. Kwa asiyejua, nieleze. Huku watu hawaendi mikono mitupu kuomba jambo kubwa. Akienda kuomba mchumba, shamba au msamaha, mtu hutanguliza pombe. Wakishafika, haja haitajwi kwanza. Watu wanasalimiana, wanaulizana habari za mvua, na mdogo kati ya walioileta anaonja mbele ya wote ili kuonyesha kwamba haina sumu. Kisha mwenyeji anapewa mrija. Akikataa, amewaambia majirani zake kwamba anawahofia kama wachawi, na hilo hulisemi kwa watu unaotaka wakuzike. Akinywa, amekubali kusikiliza, na ukishanywa ya mtu huwezi kumrudisha na uchungu. Haja inatajwa baadaye, mtungi ukiwa umeshafika nusu.

Tukapanda. Mama alikuwa veranda, anasuka mkeka. Alituona tangu tuko chini kwenye ngazi za mawe, na aliuona mtungi. Aliingia ndani, akabadilisha kitenge, akatoka na vigoda.

"Mwakeye, shemeji," mwenyekiti akasalimia kwa Kiha. Alimwita shemeji kwa sababu alikuwa rafiki wa baba. Ni yeye aliyesaidia kumzika.

"Mwakeye neza. Karibuni. Mmechoka na kilima?"

"Kilima siku hizi si kitu, tumeweka ngazi."

"Nimeziona. Ni nzuri."

Wakaongea habari za mvua, za bei ya maharage, za mtoto wa nani aliyefaulu. Mtungi ulikuwa katikati, na hakuna aliyeuangalia. Kisha mwenyekiti akachukua mrija, akaufuta kwa kitambaa safi, na akanigeukia mimi.

"Katibu, onja."

Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kati ya waliokuja, kwa hiyo kuonja kulikuwa kwangu. Hata leo sidhani kama alipanga. Alifuata desturi tu, na desturi iliniweka upande wa wale waliokuja kumtoa mama yangu. Kama ningekataa, ningesema mbele yake kwamba majirani zake wamemletea sumu. Kama ningeonja, ningemwambia mama kwa mdomo wangu: kunywa, ni salama. Mama alinitazama. Hakuwa na hasira. Akatikisa kichwa kidogo sana kuelekea mtungi, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto nisiyetaka kunywa dawa.

Nikaonja. Ilikuwa tamu, pombe ya mtu aliyejitahidi.

Mama akapokea mrija, akanywa, akaurudisha. Akanywa tena ulipomzungukia. Mtungi ulipofika nusu, mwenyekiti akakohoa na kuvua kofia, na machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka kabla hajasema neno. Alisema kamati ina ombi. Alisema kwa Kiha, maana Kiswahili kilimshinda.

"Ego," mama akasema, yaani ndiyo. "Nimekunywa."

Basi. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali, kwa sababu alikuwa ameshakubali kabla ya kuulizwa. Mwenyekiti alilia kama mtoto. Jirani yangu alilia. Mama akawa ndiye anayewabembeleza, anawaambia wamalize pombe isiharibike.

Nilikuwa na hasira kwa muda mrefu juu ya siku ile, na hasira yangu ilikuwa ngumu kwa sababu haikuwa na mtu wa kumwangukia. Hawa hawakuwa watu wabaya. Wangeweza kumletea mama barua yenye mhuri, wakaona barua ni ukatili kwa mjane wa rafiki yao. Wakatafuta njia ya upole kuliko zote wanazozijua. Lakini barua mtu anaweza kuikatia rufaa. Anaweza kuipeleka kwa mkuu wa wilaya, kwa padri, kwa mwandishi wa redio. Mtungi wa pombe ungeukatia rufaa wapi? Akufukuzaye hakwambii toka, na hawa walikuwa wamefukuza kwa mapenzi kabisa.

Mama alihama siku ya msaragambo. Watu walishuka na vitu vyake kwenye ile njia, mmoja na kitanda, mwingine na chungu, wengine na mikeka, na mbele alitembea mama na kuku mmoja kwapani. Walikuwa wameahidi kumjengea kijumba chake nje ya ua wetu, upande wa barabara, ili asihesabike kuwa amelala kwa mkwewe. Kijumba kingejengwa baada ya mavuno. Mavuno yalipita, kikaja kilimo, na watu wakawa na mashamba yao. Sikuwalaumu.

Kwa hiyo alikaa kwetu kwa muda. Mume wangu, fundi pikipiki, mtu wa maneno machache, alitoboa mlango mpya kwenye chumba cha mwisho, unaofungukia nje, ili mama asipite uwanjani kwake. Akawa anakohoa kila anapotoka chooni, ili mama asikie. Akaacha kukaa barazani kwake jioni, akawa anakunywa chai huko gereji, kwa sababu alijua akiwepo nyumbani mama hatoki. Na mama kweli alikuwa hatoki. Akisikia pikipiki inaingia, anarudi ndani na kufunga mlango, hata kama nguo zake ziko kwenye kamba na mvua inakuja. Watu wawili wema, kila mmoja anamheshimu mwenzake mpaka hakuna anayeishi. Mimi nilikuwa katikati nabeba sahani.

"Chumba kinakutosha, mama?" nilimwuliza.

"Kinatosha. Kina dirisha?"

"Lipo hapo, mama, umelifunga."

"Nimelifunga, ego. Linaangalia uwanjani kwa mkwe wangu."

Siku ya uzinduzi ilikuwa kubwa. Kwaya iliimba, viongozi walikata utepe, mtaalamu alitoa hotuba kuhusu jamii inayolinda urithi wake. Mwenyekiti alitajwa, na mimi nilitajwa. Njia ilisifiwa kuliko jengo, na wazee waliopanda majani wakapokea sifa hizo bila aibu. Mimi nilipewa kazi ya kuwatembeza wanafunzi wa shule yangu, kwa sababu nani mwingine analijua baraza lile?

Niliwapitisha ukumbini, nikawaonyesha mahali mtwale alipokaa. Niliwapitisha veranda. Kisha nikaufungua mlango wa mninga na tukaingia kwenye kile chumba. Sikuwa nimeingia tangu kikarabatiwe. Pale mlangoni kilikuwa cheupe mpaka kinaumiza macho, halafu ndani giza, kwa sababu dirisha lilikuwa limezibwa kwa ustadi kiasi kwamba hata mimi nililazimika kupapasa ukuta kujua lilikuwa wapi. Hapakuwa na masizi. Hapakuwa na harufu yoyote ya mama. Nikaanza kueleza kwa sauti ya darasani kwamba hapa waliwekwa watu waliosubiri hukumu.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Ilikuwa ya mama. Alikuwa amepanda peke yake nyuma ya wageni, amevaa kitenge chake cha misa. Maisha yangu yote nilisikia watu wakipiga hodi kwenye mlango ule, majirani, padri, polisi mara moja, na yeye ndiye aliyekuwa anaitikia. Nikimjibu karibu, nimemwambia kwamba mwenye mlango ni mimi. Nikinyamaza, nimemwacha mama yangu amesimama nje.

Wanafunzi wangu nimewafundisha adabu. Waliitika wote kwa pamoja, "Karibu, bibi!"

Mama akavua viatu, akaingia. Akawasalimia, akaenda kusimama nyuma yao na mikono ameifunga mbele, anasikiliza kama wengine. Nikaendelea. Msichana mmoja wa mbele, anayeuliza maswali kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, walikuwa wanalala wapi?"

Kabla sijajibu, mama akasema kutoka nyuma, "Kitanda kilikuwa pale." Akaonyesha kona. "Na moto ulikuwa hapa. Na hapo palikuwa na mwanga."

Watoto wakageuka kumtazama. Yule msichana akamsogelea, akateremsha sauti kwa heshima.

"Bibi, kumbe ulifungwa humu?"

Nilitaka kumkemea. Mama akaweka mkono kichwani kwake.

"Ego, mjukuu wangu. Muda mrefu."

"Na sasa?"

Mama aliangalia kuta nyeupe, akaniangalia na mimi.

"Sasa wameniachia."

Watoto wakafurahi sana. Wakampigia makofi, wote, kwa nguvu, kwenye chumba kile kitupu kinachovuma, na waliendelea kupiga mpaka mama akawashukuru, akavaa viatu vyake, akatoka.